Mstari wa Kumi na Saba

Saa nne usiku, Isevya. Umeme umerudi
na feni inazungusha joto lilelile.
Naunda tovuti ya chama cha wafuga nyuki.
Kalunde, mweka hazina, amekalia ndoo tupu, anauliza:
"Bei ikipanda kesho, utafuta kurasa zote arobaini?"

Hapana, dada. Tazama.
Natundika mzinga mmoja, juu kabisa,
nauchonga jina: bei_ya_kilo.
Ndani natia elfu kumi na mbili.
Huko chini, kila panapodai bei,
siandiki bei, naandika jina la mzinga.
Ukitia elfu kumi na nne alfajiri,
kurasa zote zitaonja
bila mimi kuamka.

"Kumbe ni kigeugeu."
Ndiyo. Jina limetulia, tumbo ndilo hubadilika.
Kama stesheni yetu: Tabora ni Tabora,
ya Mpanda ikiingia, ya Mwanza ikitoka.

"Na mnunuzi wa Dodoma ataona haya mabano yenye pembe?"
Haoni. Hizi ni lebo za seva.
Seva huzisoma kwanza, hukohuko iliko,
hukamua sega, huchuja nta na miguu ya nyuki,
ndipo hutuma chupa.
Mlamba asali hajui moshi
uliomliza mrinaji.

Ipo na mizinga ya kupita:
mgeni akiingia naweka lugha yake, kapu lake.
Akinyamaza dakika ishirini, seva inasahau,
kama mwenye gesti anavyokung'uta shuka.
Ya kudumu tunayashusha ghalani, tunafunga mlango.

Kalunde akapiga mwayo, akaenda zake.
Nikabaki na mstari wa kumi na saba.

mpimaji = "Nyanzala Mihambo"

Niliuandika mwezi wa nne, mwenyewe yuko kando,
ananuka moshi, ananisahihisha:
"Kwa zeti, binti. Nyanzala kwa zeti."
Alichovya kijiti cha mwanzi, akakinyanyua,
akautazama uzi unavyoshuka,
akasema: hii ina maji, rudisha.
Kipimo cha betri kilipoletwa, kikamkuta ameshasema kweli.
Jina lake liko chini ya kila ukurasa, *Imepimwa na*,
wala sikuliandika mara arobaini.
Mara moja tu.

Tumemzika Jumanne, Sikonge.
Leo chama kimeniletea jina la mpimaji mpya,
kijana, ana cheti, hana kosa lolote.

Ni herufi chache.
Nikizibadilisha nikahifadhi,
Nyanzala atatoka kurasa zote kwa mpigo,
bila matanga,
arobaini zote kabla ya arobaini yake.
Kigeugeu hakina msiba. Ukikitia kipya,
cha zamani hakisogei pembeni kupisha.
Hakipo.

Kidole kikaganda juu ya kitufe.
Huko reli, treni ya Kigoma ikapiga honi, ndefu, mara mbili.
Nikawaza mizinga ya baba, msituni Ipole:
mwenye mzinga akifa hatukwangui alama yake kwenye gome.
Mrithi huchonga ya kwake chini.

Basi nikafungua nafasi, nikaandika:

mpimaji_wa_kwanza = mpimaji
mpimaji = "Shija Kasubi"

kwa utaratibu huo, si mwingine.
Ningegeuza mistari,
wote wawili wangekuwa Shija.

Nikahifadhi. Nikafungua simu kama mnunuzi yeyote.
*Imepimwa na Shija Kasubi,
kwa mkono uliofunzwa na Nyanzala Mihambo.*
Hakuna mabano, hakuna moshi.

Kisha nikagusa ukurasa wa mawasiliano.
Kumbe huo niliuandika kwa mkono, siku ya kwanza kabisa,
kabla sijatundika mzinga wowote:
*Ukitaka asali, mpigie Nyanzala*, na namba yake.

Nitaurekebisha kesho.
Kesho, au keshokutwa.